Kufuta barua pepe kwa wingi baada ya simu kusasishwa: njia tatu kwa kulinganisha

Malalamiko yanayofuata kila mfumo mpya wa simu hayaishii kwenye betri. Aliyezoea kugusa kioo mara mbili tatu na kuondoa matangazo ya mwezi mzima hukuta kitufe kimehama, kikasha kimegawanywa mafungu asiyoyaomba, na pengine barua alizozifuta jioni zimerudi asubuhi kana kwamba hazikuguswa. Kwa wakala wa forodha hapa Mombasa, anayepokea hati za shehena, ankara na nakala za vitambulisho kila siku ya kazi, au kwa mwenye nyumba za wageni kule Nyali ambaye kila anayekata nafasi humletea msururu wa barua za uthibitisho, huo si usumbufu wa kupuuzwa. Kikasha kikichafuka, barua ya maana huzama.

Njia zinazolinganishwa hapa ni tatu: kutumia programu ya barua iliyokuja na simu, kama Mail ya iPhone au Samsung Email, kutumia programu ya mwenye huduma mwenyewe, kama Gmail, Outlook au Yahoo Mail, na kuachana na simu kwa muda ili kuingia kwenye akaunti kwa kivinjari cha kompyuta.

Vipimo

Njia hizi zimepimwa kwa mambo matano: ni barua ngapi huondoka kwa amri moja, kama zilizofutwa hubaki zimefutwa, ni rahisi kiasi gani kuirudisha iliyofutwa kimakosa, ni bando kiasi gani linaloliwa, na akaunti inabaki salama kiasi gani. Uzuri wa sura ya programu sikuuhesabu, kwa sababu sura ndiyo hasa inayobadilishwa na kila sasisho, na anayechagua kwa sura atalazimika kuchagua upya mwaka ujao.

Kabla ya kuchagua: ni nini kilichojaa?

Sasisho la mfumo huhitaji gigabaiti kadhaa za nafasi, na simu isiyokuwa nazo humtaka mwenyewe afute vitu, naye mara nyingi huanza na barua pepe. Hapo huchanganywa mambo mawili. Kuna hifadhi ya simu yenyewe, na kuna hifadhi ya akaunti iliyoko kwenye seva, yaani kompyuta kuu, za kampuni. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15 zinazotumiwa kwa pamoja na Gmail, Drive na Photos, na picha mpya zimekuwa zikihesabiwa humo tangu tarehe 1 Juni 2021. Outlook ya bure ina gigabaiti 15 za barua, na iCloud ya bure ina gigabaiti 5 kwa kila kitu. Akaunti ya Google iliyojaa haipokei wala haitumi barua, na hapo kufuta kwa wingi ni dawa ya kweli.

Lakini kama kilichojaa ni simu, kufuta maelfu ya barua kutoka Gmail huenda kusiokoe nafasi ya maana, kwa kuwa simu huhifadhi nakala za barua za karibuni tu. Mwenye shida hiyo atafaidika zaidi akiondoa video za WhatsApp, au akifuta data ya muda (cache) ya programu ya barua kwenye Android. Mwenye iPhone anaweza kuiondoa akaunti ya barua na kuiweka upya, baada ya kuhakikisha kwamba akaunti ni ya aina ya IMAP, ambayo barua zake hubaki kwenye seva, na kwamba nenosiri analikumbuka.

Wingi na kasi

Programu iliyokuja na simu hufanya kazi vizuri kuliko inavyosifiwa, ila vitufe vyake vimejificha. Kwenye iPhone, kitufe cha kuhariri au cha kuchagua kilicho juu ya orodha ndicho kinachofungua uwezo wa kuchagua barua zote, na tangu iOS 13 ya mwaka 2019 mtu anaweza pia kuburuta vidole viwili juu ya orodha ili barua zitiwe alama moja baada ya nyingine. Fadhaa kubwa ilikuja na iOS 18.2 ya Desemba 2024, ambayo iligawa kikasha katika mafungu manne: barua kuu, miamala, habari mpya na matangazo. Anayechagua barua zote akiwa ndani ya fungu la matangazo hushika za fungu hilo tu, kisha akifungua fungu la pili hukuta barua zimejaa na kudhani hazikufutika. Asiyeyataka mafungu hayo anaweza kugusa vitone vitatu vilivyo juu ya kioo na kurudisha orodha moja kama zamani. Kwenye Samsung Email, kubonyeza barua moja kwa muda huleta kiduara cha kuchagua zote upande wa juu. Kwa barua mia chache, njia hii inatosha kabisa. Zinapofikia maelfu, simu, hasa ya miaka kadhaa, huanza kusitasita.

Programu ya Gmail kwenye Android ilipata kitufe cha kuchagua zote mwaka 2023, nacho hushika barua 50 za kwanza. Mwenye barua 400 za matangazo atarudia zoezi mara nane, jambo linalovumilika. Mwenye 12,000 hana haja ya kuanza. Sifa ya programu hii ni utafutaji wake, kwa sababu hukubali maneno ya amri yale yale yanayotumika kwenye kompyuta. Ukiandika category:promotions older_than:1y utaletewa matangazo yaliyopita mwaka mmoja, ukiandika larger:10M utaletewa barua zinazozidi megabaiti 10, na from: ikifuatwa na anwani huleta za mtumaji mmoja peke yake. Tupio, yaani folda zinamokaa barua zilizofutwa, na barua taka nazo zina kitufe cha kumwaga zote mara moja, hata kwenye simu.

Kompyuta ndipo mambo yanapobadilika, na sababu yake inastahili kuelezwa. Gmail kwenye kivinjari huonyesha mazungumzo (barua pamoja na majibu yake) 50 kwa ukurasa, na mipangilio huruhusu hadi 100. Ukitia alama kisanduku kilicho juu ya orodha, mstari mdogo wa maandishi hujitokeza ukiuliza kama unataka kuchagua mazungumzo yote yanayolingana na ulichotafuta, hata yale yasiyoonekana kwenye ukurasa. Wengi huupita mstari huo bila kuuona, wakafuta 50 na kuondoka wakisema kompyuta haina tofauti na simu. Anayeugusa huipa seva amri moja inayohusu maelfu ya barua, naye anaweza kuendelea na kazi nyingine wakati seva inatekeleza. Outlook ya kwenye kivinjari ina chombo chake cha kufagia, kinachoweza kufuta barua zote za mtumaji fulani, kubakiza ya mwisho tu, au kuondoa zilizozidi siku 10, na kuendelea kufanya hivyo kwa zitakazokuja.

Anayejaribu kuipata hali hiyo kwa kivinjari cha simu, kwa kuomba tovuti ionekane kama kwenye kompyuta, anaweza kufaulu, lakini kwa taabu. Visanduku huwa vidogo, na kidole huteleza kikafungua barua badala ya kuitia alama.

Je, zilizofutwa hubaki zimefutwa?

Hiki ndicho kipimo ninachokipa uzito kuliko vyote, na ndicho kinachosahauliwa zaidi. Barua pepe makazi yake ni kwenye seva. Simu huonyesha nakala tu. Programu iliyokuja na simu mara nyingi huwasiliana na seva kwa utaratibu wa IMAP, na unapofuta barua hubadilisha kwanza orodha iliyo mkononi mwako, kisha hupeleka habari kwenye seva. Mtandao ukikatika ukiwa ndani ya matatu ya Mtwapa, au programu ikifungwa kabla ya kumaliza kupeleka, seva haitajua kilichotendeka. Mara ya pili simu inapolandana na seva, hurudishiwa barua zote ambazo seva bado inaamini zipo. Baada ya sasisho hali hiyo huongezeka, kwa sababu simu huwa na kazi nyingi za ndani, ikiwamo kupanga upya faharasa ya utafutaji, na kwa saa kadhaa matokeo ya kutafuta yanaweza kuwa pungufu.

Jambo la pili linahusu akaunti za Gmail zilizowekwa ndani ya Mail ya iPhone. Humo, barua inayoondolewa huweza kupelekwa kwenye kumbukumbu (Archive) badala ya Tupio. Inatoka kikashani, lakini inabaki kwenye akaunti ikila nafasi ile ile. Alama huonyesha tofauti: kisanduku maana yake kumbukumbu, pipa maana yake kufuta. Hili hurekebishwa ndani ya mipangilio ya akaunti, sehemu ya mambo ya ziada, panapoulizwa barua iliyoondolewa iende wapi. Kwenye iOS 18 mipangilio ya Mail ilihamishiwa ndani ya orodha ya programu, ndiyo maana wengi waliamini kwamba imeondolewa.

Jambo la tatu halina uhusiano na sasisho, ingawa sasisho ndilo linalolaumiwa. Tarehe 16 Septemba 2024 Microsoft iliacha kuzipokea programu zinazoingia kwenye akaunti binafsi za Outlook kwa nenosiri tupu, pasipo njia mpya ya uthibitisho. Programu ya zamani isiyoijua njia hiyo huendelea kuonyesha barua za nyuma, ikakubali kuzifuta kwenye kioo, lakini seva haisikilizi tena. Kuiondoa akaunti na kuiingiza upya ndiyo suluhisho, au kuiacha programu hiyo.

Programu za wenye huduma hazina udhaifu huo wa uthibitisho, kwa kuwa anayeiunda programu ndiye mwenye seva. Hata hivyo nazo zina mpaka: Gmail ya Android kwa kawaida husawazisha barua za siku 30, na idadi hiyo inaweza kuongezwa. Kivinjari ndicho chenye uhakika zaidi katika kipimo hiki, maana unachokiona ni hali ya seva yenyewe na unachokifuta kimefutwa huko huko. Vifaa vingine ndivyo vitakavyolandana nacho.

Onyo moja kwa akaunti za kampuni ndogo zenye jina lao la intaneti: baadhi bado hutumia utaratibu wa zamani wa POP3, ambao hupakua barua kwenye kifaa na, kulingana na mipangilio, huziacha au huziondoa kwenye seva. Kwa akaunti hizo, kufuta kwenye simu hakufuti kwenye kompyuta ya ofisini, na kuiondoa akaunti kwenye simu kunaweza kupoteza nakala pekee iliyokuwepo. Aulizwe kwanza aliyeiweka akaunti.

Kurudisha iliyofutwa kimakosa

Katika hili njia zote tatu hukaribiana, kwa sababu muda wa kurudisha huamuliwa na mwenye huduma. Gmail huiweka barua kwenye Tupio kwa siku 30, iCloud na Outlook vivyo hivyo. Yahoo, ambayo bado ina wapenzi wengi miongoni mwa watu wazima waliofungua akaunti zao saiba miaka hiyo, huanza kumwaga Tupio baada ya siku 7. Mail ya iPhone huongeza mpangilio wake wa kuamua barua zilizofutwa ziondolewe baada ya siku moja, juma, mwezi, au zisiondolewe. Tofauti iko kwenye ukubwa wa kosa: anayekosea kwenye Gmail ya simu hupoteza barua 50 kwa mkupuo, na anayekosea kwenye kivinjari, kwa utafutaji ulioandikwa kwa haraka, anaweza kupoteza miaka mitano.

Miaka mitano siitaji ovyo. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya Kenya ya mwaka 2015 humtaka mlipa ushuru ahifadhi rekodi zake kwa muda huo, na kwa wafanyabiashara wengi wa Mombasa ankara na risiti haziko popote isipokuwa kwenye barua pepe. Kwa upande wa pili, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haitaki taarifa za watu zikae muda mrefu kuliko zinavyohitajika, na nakala za pasipoti za wateja wa zamani ni taarifa za watu. Kwa hiyo mwenye kazi ya aina hiyo asifute kwa tarehe peke yake. Apakue kwanza nakala ya akaunti, kazi ambayo Google huiwezesha kupitia huduma yake ya Takeout, aihifadhi mahali salama, kisha afute kwa mtumaji au kwa aina ya barua. Na akumbuke kwamba barua zilizo Tupioni bado huhesabiwa kwenye gigabaiti 15 mpaka Tupio limwagwe.

Bando na stima

Amri za kufuta ni nyepesi. Kinachokula bando ni kupakua. Baada ya sasisho, au akaunti ikiingizwa upya, programu iliyokuja na simu inaweza kupakua tena barua na viambatisho, kwa hiyo ni vyema ifanyike kwenye waifai. Programu za wenye huduma hutumia kidogo zaidi. Ukurasa wa Gmail kwenye kivinjari ni mzito kuufungua mara ya kwanza, kisha hutulia. Stima ikipotea katikati, amri iliyokwisha kufika kwenye seva haibatiliki.

Usalama wa akaunti

Hapa simu inaipita kompyuta, na wanaosifu kompyuta wasilipite hili kimyakimya. Simu ni yako, imefungwa kwa alama ya kidole au namba ya siri. Kompyuta ya saiba ya Mwembe Tayari au ya kando ya Digo Road imeguswa na wengi kabla yako, na barua pepe ndiyo ufunguo wa eCitizen, iTax na benki. Asiyekuwa na kompyuta yake ni heri aazime ya ndugu au ya ofisi. Akilazimika kwenda saiba, afungue dirisha la faragha la kivinjari, akatae kivinjari kisihifadhi nenosiri, awe amewasha uthibitisho wa hatua mbili, na atoke kwenye akaunti kabla ya kusimama. Baadaye, kwa simu yake, aangalie katika sehemu ya usalama ya akaunti ya Google ni vifaa gani bado vimeingia, na aviondoe asivyovitambua.

Ipo pia njia ya nne ambayo sikuipa nafasi kamili: programu za watu wengine zinazoahidi kusafisha kikasha kwa mguso mmoja. Hizi huomba ruhusa ya kusoma barua zako zote. Mwaka 2019 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilimalizana na kampuni ya Unrollme kwa tuhuma kwamba iliwapotosha watumiaji kuhusu jinsi ilivyozifikia na kuzitumia barua zao, huku kampuni mama ikizitumia risiti zilizokuwa humo kwa utafiti wa soko. Siku hizi haja ya programu hizo imepungua. Tangu 2024, Gmail inawataka wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku waweke njia ya kujiondoa kwa mguso mmoja kwenye barua zao za matangazo, na mwaka 2025 iliongeza ukurasa unaoonyesha kwa pamoja orodha zote ulizojiandikisha.

Nani achague nini

Mwenye barua mia chache, mwenye simu pekee, na anayetaka tu kikasha kisomeke, abaki na programu iliyokuja na simu. Kazi yake ya kwanza iwe kujua vitufe vimehamia wapi na kurudisha orodha moja kama mafungu yanamkera. Njia hii inamfaa pia mwenye akaunti tatu nne za kampuni tofauti, anayependa kuzisoma mahali pamoja, mradi akubali kwamba usafishaji mkubwa ataufanya kwingine.

Mwenye akaunti moja ya Gmail kwenye Android, anayesafisha mara kwa mara, ahamie kwenye programu ya mwenye huduma na ajifunze maneno mawili matatu ya amri ya utafutaji. Barua 50 kwa mkupuo ni nyingi kwa anayesafisha kila Ijumaa, ni chache kwa aliyengoja tangu 2016. Mwenye akaunti ya Outlook iliyoacha kusikiliza ndani ya programu ya zamani naye njia yake ni hii.

Aliyeonywa kwamba gigabaiti 15 zimejaa, au mwenye maelfu ya barua za miaka, atafute kompyuta ya kuaminika na atenge asubuhi moja, akianza na larger:10M, kwa sababu barua chache zenye viambatisho huokoa nafasi kuliko matangazo elfu. Ambaye barua zake zinarudi kila akifuta naye aanzie kwenye kivinjari: zikiondoka huko na bado zikaonekana kwenye simu, tatizo ni nakala ya simu, na akaunti iingizwe upya, zisipoondoka hata huko, basi huenda kuna kifaa kingine kinachozirudisha, na sasisho halina kosa.

Wakala wa forodha, mhasibu au mwenye hoteli ndogo asifute chochote kwa wingi kabla ya kujua akaunti yake ni IMAP au POP3 na kabla ya kuweka nakala ya miaka mitano. Akishafanya hayo, kivinjari kinamfaa kwa usafishaji wa mwisho wa mwaka na programu ya mwenye huduma kwa siku za katikati.

Na kwa mzazi mtu mzima ambaye sasisho limempoteza kabisa, kijana wake akae naye amwonyeshe kwenye simu hiyo hiyo, polepole, bila kuchukua nenosiri na kwenda kumfanyia kazi pembeni. Mama au Baba anajua ni barua gani ya hospitali au ya pensheni isiyotakiwa kuguswa, kijana hajui.